Reli ya Nyika Ilipigwa Picha Ikijengwa, Sasa Ipigwe Ikitunzwa

Anayetaka kuona jinsi Reli ya Uganda ilivyojengwa kupitia nchi kame ya Taru na Tsavo miaka ya 1890 hatahangaika sana. Picha zipo: wafanyakazi wamebeba kipande cha reli mabegani, mabehewa yamesimama mwisho wa njia, vichaka vya miiba vimefyekwa kushoto na kulia, na mhandisi Mzungu amesimama kando na kofia yake ya jua. Lakini anayetaka kuona kalvati moja tu ya njia hiyo hiyo ilivyokuwa kabla ya mafuriko ya 1961, kisha baada yake, kisha kabla na baada ya mvua za El Niño za 1997, atazunguka kutoka ofisi hadi ofisi, na akibahatika atapata kipande hapa na kipande pale, mara nyingi bila tarehe wala jina la mahali. Watu huliona pengo hilo kama shida ya wapenda historia, nami sikubaliani nao. Katika nchi kame picha za matengenezo ni chombo cha kazi cha mhandisi, kama ilivyo ramani au kipimo cha usawa, na zikikosekana, watu hufa. Kenya ina wajibu wa kuanza kuzipiga kwa utaratibu, kuzipanga na kuziweka wazi kwa wananchi.

Msomaji wa Eldoret anaweza kuuliza ukame unamhusu nini. Mji huu uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mvua inanyesha, ngano na mahindi vinastawi. Lakini reli iliyoufikia mwaka 1924, ikipanda kutoka Nakuru na kuvuka Timboroa kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,700, haikuwa na faida yoyote bila njia ya pwani. Matrekta, mbolea na mafuta vilivyoletwa Uasin Gishu kwa treni vilipita kwanza katika takriban kilomita 200 za nchi kavu kati ya Maji ya Chumvi na Mtito Andei. Njia ikikatika huko, mzigo wa huku ulikwama. Halafu kuna kaskazini. Mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012, una mpango wa reli itakayotoka pwani, ipite Isiolo na Turkana, na kuingia Sudan Kusini. Reli hiyo bado iko kwenye makaratasi. Siku ikianza kujengwa, Eldoret itakuwa miongoni mwa miji mikubwa iliyo jirani na Turkana yenye vyuo vikuu na wataalamu wa kuisimamia. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu mara mbili, kwa reli tuliyorithi na kwa reli tunayoahidiwa.

Tuanze na kile ambacho wajenzi wa kwanza walituachia, kwa sababu si haba. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo, Desemba 1901. Shirika la reli lenyewe lilimpa William D. Young, mpiga picha aliyekuwa na studio Mombasa na baadaye Nairobi, kazi ya kuipiga picha njia ilipokuwa ikiendelea. J. H. Patterson, mhandisi aliyejenga daraja la mto Tsavo mwaka 1898 wakati simba wawili walipokuwa wakiwaua vibarua wake, alichapisha picha zake katika kitabu cha mwaka 1907 ambacho kinasomwa hadi leo. Kupiga picha zama zile hakukuwa jambo la kubonyeza na kuondoka. Kamera ilikaa juu ya miguu mitatu, picha ilinaswa kwenye bamba la kioo lililopakwa dawa, na bamba hilo lilipaswa kusafishwa kwa maji mengi yaliyo safi. Katika nyika ambako maji ya kunywa ya maelfu ya wafanyakazi yaliletwa kwa treni, na treni ikichelewa watu walikaa na kiu, kila bamba lililooshwa liligharimu kitu. Joto lililainisha dawa, vumbi lilikwaruza kioo. Picha zilizosalimika ni hazina, na asiyezithamini hajui zilivyopatikana.

Tena picha hizo zina thamani ya kiufundi ambayo maandishi peke yake hayana. Wajenzi walikuwa na haraka, kwa hiyo walitengeneza njia nyingi za muda: madaraja ya mbao, michepuko ya kuzunguka korongo, na ule mtambo wa kamba ulioteremsha mabehewa kwenye ukuta wa Bonde la Ufa, ng'ambo ya Kikuyu, kuanzia mwaka 1900 hadi njia ya kudumu ilipokamilika. Mtambo huo uliondolewa zamani, na picha zinabaki kuwa ushahidi ulio wazi kuliko wote wa jinsi ulivyofanya kazi. Vivyo hivyo madaraja 27 ya chuma yaliyoundwa na kampuni ya Marekani ya American Bridge kwa ajili ya miteremko ya Mau yalipigwa picha yakiinuliwa nguzo kwa nguzo. Mhandisi wa leo anayetaka kujua msingi ulichimbwa kwa kina gani, udongo uliozunguka ulikuwa wa aina gani, na mto ulipita upande upi kabla haujageuzwa, anaweza kujifunza mengi kwa kuzitazama vizuri. Kwa hiyo sizidharau picha za ujenzi. Ninachosema ni kwamba zimeachwa zisimame peke yake, kana kwamba hadithi ya reli inaishia siku ya uzinduzi.

Sababu ya kuachwa hivyo haijifichi. Picha za ujenzi zilikuwa na mteja. Bunge la London lilikuwa likibishana kuhusu gharama iliyozidi pauni milioni tano, na serikali ilihitaji kuonyesha kwamba fedha zinageuka kuwa chuma na mawe. Picha iliyolipiwa kwa kusudi hilo huelekea kwenye daraja jipya, kichwa cha treni kinachong'aa na bwana mkubwa aliyekuja kukagua. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India kwa mikataba, na karibu 2,500 kati yao walikufa, lakini kwenye maelezo ya picha ni wachache mno waliotajwa kwa majina. Mambo yalikuwa hayo hayo kwingineko. Reli mbili zilipokutana Promontory katika jangwa la Utah, Mei 10, 1869, Andrew J. Russell alipiga picha mashuhuri ya sherehe ile, na Wachina waliojenga sehemu ngumu kuliko zote upande wa magharibi hawaonekani katika umati unaoshangilia. Ilichukua karibu karne na nusu na utafiti mwingi, ukiwamo mradi mkubwa wa Chuo Kikuu cha Stanford, kuanza kurekebisha kumbukumbu hiyo. Tawi letu la Uasin Gishu, lililojengwa kuanzia mwaka 1921, lilitegemea zaidi mikono ya Waafrika, na namna vibarua walivyokusanywa wakati ule ilizua malalamiko ya kazi ya shuruti. Hao nao nani anawajua kwa sura na kwa jina?

Matengenezo hayakuwa na mteja wa namna hiyo. Hakuna waziri anayekata utepe kwa sababu kalvati imezibuliwa. Lakini reli ya nchi kame huishi kwa kazi hiyo ndogo inayorudiwa kila siku. Chuma hurefuka kwa joto: kilomita moja ya reli ikipanda kwa nyuzi 30 za Selsiasi inataka kuongezeka kwa takriban sentimita 35, na mianya ya kwenye viungo ikiwa imeziba kwa kutu au mchanga, njia hujipinda kama nyoka na kuangusha treni. Mchwa wa nyikani walisababisha sehemu kubwa ya njia ya kwanza iwekewe mataruma ya chuma, kwa kuwa ya mbao yangeliwa. Kokoto husukumwa na mtikisiko wa treni na kuacha taruma likining'inia. Miti ya miiba huota kwenye mfereji. Genge la njia na nyapara wake, wenye nyundo, sururu na toroli, ndio waliozuia kila moja ya madhara hayo kwa zaidi ya miaka 100. Wengi wao waliishi na kustaafu bila kamera kuwaelekea hata siku moja wakiwa kazini.

Mfano mmoja kutoka Namibia unaonyesha jinsi mfanyakazi wa matengenezo anavyoingia kwenye historia kwa ajali tu. Reli ya kutoka Lüderitz kwenda bara ilipita katika mchanga wa Namib, na mchanga huo ulilazimu watu waufagie kila kukicha la sivyo treni zisipite. Mwaka 1908 Zacharias Lewala, mmoja wa wafanyakazi hao, aliokota jiwe linalong'aa akiwa anasafisha njia na kumpelekea msimamizi wake, August Stauch. Lilikuwa almasi. Stauch akatajirika, na jina la Lewala likakumbukwa kwa sababu ya jiwe. Wenzake waliofagia mchanga ule ule bila kuokota almasi hawana jina. Kama isingekuwa almasi, hata yeye asingetajwa, ingawa kazi aliyokuwa akiifanya ndiyo iliyoiweka hai reli nzima.

Sasa nifike kwenye kiini cha hoja: kwa nini nchi kame hasa. Wengi hudhani kwamba adui wa reli ya nyikani ni ukosefu wa maji. Ukame huchosha watu na mitambo, lakini kinachobomoa njia ni maji. Mto wa msimu unaweza kukaa mkavu miaka mingi, watoto wakauchezea mpira na ng'ombe wakaulalia, kisha usiku mmoja ukashuka ukiwa na magogo na mawe. Januari 30, 1993, treni ya abiria iliyokuwa ikisafiri kati ya Nairobi na Mombasa ilitumbukia katika mto Ngai Ndethya karibu na Mtito Andei baada ya mafuriko kuharibu daraja. Zaidi ya watu 100 walikufa, na mahali penyewe ni katika ukanda ule ule ambao wajenzi wa 1898 waliuona kuwa nchi ya kiu. Miaka 31 baadaye, usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maporomoko ya maji na tope yalizoa vijiji vya Mai Mahiu na kuua watu zaidi ya 50. Awali ilisemwa ni bwawa lililopasuka. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, kwa sababu njia ya maji iliyo chini ya tuta ilikuwa imezibwa na miti, mawe na udongo.

Yaweke matukio hayo mawili pamoja uone yanachofundisha. Katika nchi ya mvua za kila mwaka, kalvati iliyoziba hujionyesha upesi: maji yanafurika barabarani, watu wanalalamika, genge linakuja. Katika nchi kame kalvati inaweza kujaa udongo kidogo kidogo kwa miaka 10 au 20 bila kumsumbua mtu. Mkaguzi anayepita leo anaona ilivyo leo. Mwenzake aliyepita miaka mitano iliyopita ameshahamishwa, na aliyekuwapo kabla yake amestaafu. Hakuna hata mmoja aliyeona mabadiliko yenyewe, kwa kuwa mabadiliko ni marefu kuliko muda wa ajira ya mtu mmoja. Gharika kubwa mbili zinaweza kutengana kwa miaka 30 au zaidi, kama ilivyokuwa kati ya 1961 na 1997. Kumbukumbu ya binadamu haitoshi kwa mwendo huo wa polepole. Taarifa ya maandishi nayo husema tu "kalvati iko katika hali nzuri", maneno ambayo kila mkaguzi ana kipimo chake. Picha zilizopigwa mahali pale pale kila mwaka hazina maneno hayo. Zinaonyesha mdomo wa kalvati ukipungua.

Picha ninayoizungumzia haihitaji usanii, inahitaji nidhamu. Fikiria daraja moja dogo kati ya Voi na Mtito Andei. Mpiga picha anasimama kwenye alama iliyochorwa juu ya ukuta wa daraja ili kila mwaka aanzie papo hapo. Anaelekeza kamera upande wa juu wa mto, kisha wa chini, kisha kwenye msingi wa nguzo ambako maji huchimba. Mwenzake anashika fimbo yenye alama za sentimita ili ukubwa wa kitu uweze kupimwa kwenye picha. Picha moja inapigwa mwisho wa kiangazi, nyingine mara tu baada ya mvua, wakati mstari wa takataka na nyasi zilizokwama ukutani bado unaonyesha maji yalifika wapi. Nyuma ya kila picha, au katika faili yake, kunaandikwa kilomita, tarehe, saa, mwelekeo, na majina ya waliokuwapo kazini. Mstari ule wa nyasi ni kitu kidogo, lakini mhandisi anayekadiria ukubwa wa daraja jipya anautegemea kuliko makisio mengi ya kwenye karatasi, na ukiachwa wiki chache unapeperushwa na upepo. Asiyeupiga picha kwa wakati ameupoteza hadi gharika nyingine.

Kama kuna anayedhani hii ni ndoto, ushahidi upo kwamba njia hii inafanya kazi. Mwaka 1889 na 1890 mhandisi Robert Brewster Stanton alisafiri katika korongo kuu la mto Colorado huko Arizona akitafuta njia ya reli, na msafara wake ulipiga mamia ya picha ili kuwashawishi wenye mitaji. Reli hiyo haikujengwa kamwe. Karne moja baadaye Robert Webb, mwanasayansi wa idara ya jiolojia ya Marekani, alirudi na wenzake kwenye sehemu zile zile wakapiga upya, na kitabu chao cha mwaka 1996 kikaonyesha ni kingo zipi zilihama, ni miti ipi iliongezeka, na ni makorongo yapi yalimwaga mawe mtoni. Picha za reli ambayo haipo zikawa kumbukumbu muhimu ya mazingira ya jangwa zima. Na njia hiyo imekwisha kutumika hapa kwetu: Raymond Turner, ambaye alikuwa ameitumia Arizona, pamoja na H. Awala Ochung' na Jeanne Turner, walichapisha mwaka 1998 kitabu kuhusu mabadiliko ya mandhari ya Kenya kwa kulinganisha picha za kale na mpya za mahali pamoja. Wataalamu wanajua jinsi ya kufanya. Kilichokosekana ni shirika la reli kulifanya jambo hili kuwa sehemu ya kazi yake ya kawaida.

Wapo watakaonijibu kwamba picha za reli ni masalia ya ukoloni, zilipigwa kuutukuza ubeberu, na taifa huru lina mengine ya kushughulikia. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo nimeshaikubali. Lakini dawa ya kumbukumbu iliyopigwa kwa jicho la bwana si kukaa bila kumbukumbu. Dawa yake ni kuongeza kumbukumbu iliyopigwa kwa jicho la anayefanya kazi. Hata picha ya Young ina mambo ambayo mpiga picha hakuyakusudia: pembeni mwa fremu kuna mto, udongo, mti, uso wa kijana aliyebeba ndoo. Tukizitupa kwa sababu ya nia ya aliyezilipia, tunawatupa na waliomo ndani yake. Isitoshe, nyingi ya picha hizo ziko ng'ambo. Chuo Kikuu cha Northwestern karibu na Chicago kinamiliki mkusanyiko wa Winterton wa picha za Afrika Mashariki, Cambridge ina albamu zake, na Nyaraka za Taifa za Uingereza zina picha za iliyokuwa wizara ya makoloni. Wenye nazo wamezitunza na nyingi wameziweka kwenye mtandao. Aibu ingekuwa sisi kuziona za mwaka 1900 kwa hisani yao, halafu tushindwe kuonyesha za mwaka 2000 zilizo chini ya mamlaka yetu wenyewe.

Hoja ya pili ni ya watu wa teknolojia: satelaiti zinapiga picha ya kila kipande cha dunia, droni zinapita juu ya njia, kwa nini tumhangaishe mtu na fimbo? Satelaiti ni msaada mkubwa na zitumike. Lakini satelaiti inatazama kutoka juu, na tatizo la reli ya nyikani liko chini, ndani ya mdomo wa kalvati na kwenye mguu wa nguzo. Tope lililojaza mfereji uliofunikwa na tuta halionekani kutoka angani. Tena picha za satelaiti zenye uwazi wa kutosha ni za miaka ya karibuni, kwa hiyo hazitufikishi kwenye gharika ya 1961. Droni inaweza kushuka na kutazama ubavuni, nami ningefurahi kuiona kazini, lakini droni bila alama ya kudumu, bila tarehe na bila mpango wa kuhifadhi itatuletea vurugu ya picha nzuri zisizolinganishika. Chombo kinaweza kubadilika. Nidhamu ya kurudi mahali pale pale haibadiliki.

Hoja ya tatu inafanana na hiyo: kila mtu ana simu, picha za reli ni maelfu kwa maelfu. Ni kweli, na mafuriko yakitokea tunaziona kwenye simu zetu ndani ya saa moja. Zinaonyesha janga. Haziwezi kuonyesha miaka 20 iliyotangulia janga, kwa sababu hakuna anayeitumia jamaa yake picha ya kalvati iliyo kavu. Na picha ya simu hupotea na simu. Wingi usio na mpangilio si kumbukumbu. Shirika likitaka, linaweza kuugeuza wingi huo kuwa faida, kwa kuwapa wakaguzi wanaotembea njia kwa miguu fomu moja rahisi kwenye simu zao, yenye namba ya daraja na mahali pa kusimama, na picha ikaenda moja kwa moja kwenye hifadhi ya pamoja. Mkaguzi tayari analipwa kupita pale. Tunamwomba dakika tano zaidi kwa kila daraja.

Hapo nimeshaanza kujibu hoja ya gharama. Iliyobaki ni hoja ya usalama, kwamba picha za madaraja zikiwekwa wazi zitawasaidia wahalifu. Daraja la reli linaonekana na kila mchungaji na kila dereva wa lori kwenye barabara ya Mombasa, kwa hiyo hakuna siri inayofichuliwa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 imeeleza utaratibu wake. Tumeona usiri unavyotugharimu. Mikataba ya reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi, reli iliyoanza kutumika Mei 31, 2017, ilifichwa kwa miaka, na ni mwezi Novemba 2022 tu ambapo waziri wa uchukuzi wakati huo, Kipchumba Murkomen, alitoa sehemu yake hadharani. Reli hiyo inapita Tsavo juu ya matuta marefu yenye vivuko vya wanyama na mamia ya mitaro. Ilijengwa na kampuni ya kigeni, na kampuni ya ujenzi popote duniani hupiga picha kila hatua ya kazi yake. Umma uliokopa fedha za kuijenga unastahili nakala kamili ya picha hizo, pamoja na michoro, kabla waliozipiga hawajatawanyika.

Nasisitiza kutawanyika kwa sababu ndiko kulikotuponza. Reli yetu imebadilisha mikono mara nyingi. Mwaka 1948 ya Kenya na Uganda iliunganishwa na ya Tanganyika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikachukua kipande chake na Kenya ikaunda shirika lake mwaka uliofuata. Kuanzia 2006 njia ilikodishwa kwa kampuni binafsi, na mwaka 2017 ikarudi serikalini. Shirika linapokabidhiana mali huhesabu vichwa vya treni, mabehewa na viwanja. Ni nadra mtu kuhesabu makabati ya picha. Jumba la makumbusho ya reli la Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971, na Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue zimeokoa mengi, na wafanyakazi wake wanastahili shukrani. Lakini jumba la makumbusho huokoa kilicholetwa mlangoni. Haliwezi kumlazimisha mhandisi wa Voi kupiga picha ambayo haikuagizwa.

Kwa hiyo agizo litoke juu, nalo liwe fupi. Shirika la Reli lianze na madaraja na kalvati za nchi kame kati ya Maji ya Chumvi na Mtito Andei, pamoja na mteremko wa Mai Mahiu, kwenye njia ya zamani na kwenye mpya, kabla ya mvua za Oktoba na tena baada yake. Kila picha iwe na mahali, tarehe na majina ya genge lililohusika, ili wale ambao babu zao walibeba reli bila kutajwa wapate angalau kutajwa wao. Nakala ziende Nyaraka za Taifa na ziwekwe kwenye mtandao. Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Eldoret wapewe kazi ya kutafuta picha za kale zilizo ng'ambo, kuzitambua ni za kilomita ipi, na kuzilinganisha na mpya, kazi ambayo wanafunzi wa uhandisi, historia na mazingira wanaweza kuifanya pamoja. Na kwa Turkana tusingoje taruma la kwanza. Mito ya msimu itakayokatizwa na reli hiyo, ambayo sehemu nyingi za kaskazini watu huiita laga, ipigwe picha sasa, ikiwa kavu na ikiwa imefurika, mwaka baada ya mwaka, na wazee wa huko waulizwe maji yalifika wapi katika gharika wanazozikumbuka. Mhandisi atakayepanga madaraja ya njia hiyo akiwa na picha za miaka 15 atajenga tofauti na yule aliyeona mchanga mkavu wakati wa ziara moja ya kiangazi. Sheria ipo, vyombo vipo, watu wa kuifanya kazi wapo na tayari wanalipwa. Waliokufa Ngai Ndethya na Mai Mahiu wametuonyesha gharama ya kuendelea kungoja.